Magari ya misuli yaliyozikwa kiwandani, sura zao zikaibukia kwenye bodi za magari mengine (uzi mrefu, njoo na chai)

#1 Mkono wa Grisi

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kwenye ule uzi wa Mark X kuna mdau aliandika kwamba Corvette ya 1968, gari la spoti la Chevrolet, haikuiga gari lolote, sura yake ilishuka kutoka mbinguni. Nilitaka kumjibu palepale, nikaona jibu litakuwa refu kuliko uzi wenyewe. Nimeamua kumfungulia wake.

Kwa wageni kwanza. Magari ya misuli ni yale ya Kimarekani ya miaka ya 60 na mwanzoni mwa 70: bodi ya mtu wa kawaida, ukifungua boneti unakuta V8, injini ya silinda nane, ambayo kwa haki ingekaa kwenye gari la mkubwa fulani. Pontiac ndio waliowasha moto. Mwaka 1964 walichukua Tempest, gari la kupeleka watoto shule, wakaitia injini ya inchi za ujazo 389. Kwa lugha yetu hiyo ni kama cc 6,400. Makao makuu ya GM (General Motors, kampuni mama ya Pontiac) walikuwa wamepiga marufuku chochote kinachozidi 330 kwenye magari ya ukubwa ule. Pontiac wakapitia mlango wa uani: hatujatengeneza gari jipya, bosi, hii GTO ni nyongeza tu ya kulipia kwenye Tempest LeMans, haifiki hata dola 300. Wakauza 32,450 mwaka wa kwanza. Bosi gani atakasirika?

Mhandisi mkuu wa Pontiac wakati huo alikuwa John DeLorean. Huyo huyo mnayemfikiria, tutafika kwake. Sasa mtu akishamzunguka bosi mara moja na bosi akacheka, lazima ajaribu tena. Safari hii alitaka gari la viti viwili, dogo, jepesi, la bei ambayo kijana wa kazi ya kwanza anaiweza. Mradi ukaitwa XP-833. Bodi ya faibaglasi, uzito karibu tani moja. Yalijengwa mawili yanayotembea: moja la fedha, lina paa, injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lingine jeupe, la wazi, lina V8. Baadaye watu wakalizoea kwa jina la Banshee.

Likafika mezani kwa wakubwa. Wakubwa wakaona hatari moja tu: Chevrolet walikuwa na Corvette, gari la pekee la viti viwili ndani ya GM nzima. Hili jipya lingekuwa jepesi kuliko Corvette, halafu la bei ndogo. Ni sawa na mama wa mgahawa kumruhusu binti yake afungue genge la chapati mlangoni pake. Mradi ukafungwa.

Sasa fanya hivi. Tafuta picha ya Banshee, tafuta ya Corvette ya 1968, ziweke bega kwa bega. Matao ya matairi ya mbele yaliyovimba. Kiuno kilichobanwa kwenye milango. Kalio linalopanda tena juu ya tairi la nyuma. Pua ndefu, kali, taa zimefichwa. Banshee ni la 1964! Ukimaliza tafuta Opel GT ya 1968, ya Ujerumani, uone kama hujamwona mtoto wa tatu wa nyumba ile ile.

Hoja yangu ni hiyo. Gari walilikataa, umbo wakalitumia.

#2 Chumvi ya Bahari

Nimechukua siti ya mbele. Picha weka mkuu, wengine bando la wiki limebaki MB 40, hatuwezi kuzunguka kutafuta.

#3 Kanda Mbili

Mkono wa Grisi, unaandika vizuri na nafurahia, ila hapo umemchanganya baba na mjomba.

Corvette ya 1968 ina baba anayejulikana, anaitwa Mako Shark II. Alichorwa na Larry Shinoda chini ya Bill Mitchell, mkuu wa idara ya usanifu ya GM nzima. Alionyeshwa New York mwaka 1965, watu wakagombania kumwona. Hiyo Corvette ni Mako Shark II aliyepunguzwa ukali ili aweze kuuzwa dukani.

Na Opel GT usiiguse kabisa. Akina Erhard Schnell kule Rüsselsheim walianza kuichora mapema miaka ya 60, wakaionyesha Frankfurt mwaka 1965 kama gari la mfano. Hawakusubiri DeLorean akataliwe ndipo waanze.

Kilichotokea ni rahisi zaidi: Pontiac, Chevrolet na Opel zote ni GM, na Mitchell ndiye aliyekuwa na neno la mwisho kuhusu umbo la bodi. Mzee yule alipenda umbo la chupa ya soda, kiuno chembamba na makalio. Kila aliyetaka kupita mlangoni kwake alichora chupa. Watoto watatu wa baba mmoja hawajaigana, wamefanana.

#4 Mkono wa Grisi

Kanda Mbili, la Opel nakupa, nimetembea mbio. Nimelinganisha miaka upya na kweli walikuwa wameanza zamani. Lile gari nalipenda bure tu, zile taa zake unavuta mkono wa chuma karibu na gia, zinabingirika zote mbili upande mmoja kama macho ya mtu aliyesinzia ibadani.

La Corvette sikupi lote. Kama Banshee ni ndugu tu, basi ni ndugu aliyezaliwa kwanza, akanyimwa shule, na sare yake akapewa mdogo wake. Halafu angalia taa za nyuma: Banshee alizificha ndani ya nyufa nyembamba za kulala. Pontiac walipoambiwa wachukue Camaro ya Chevrolet waibadilishe iwe yao, ikatoka Firebird ya 1967, na nyuma yake ukakuta nyufa zile zile. Hapo hakuna Mitchell wala soda. Ni Pontiac wanachimba kaburi lao wenyewe wanachukua shuka.

#5 Binti Spana

Mmenikumbusha kitu kuhusu jina. Firebird nayo nusura iitwe Banshee. Kisha mtu akauliza maana yake: kwa Wairishi, banshee ni mzuka wa kike, na ukimsikia akilia usiku ujue nyumbani humo kuna msiba. Wakaliacha haraka.

Fikiria mtu aingize gari Kariakoo aliite Bundi. Nani atapanda?

#6 Chumvi ya Bahari

Hahaha. Daladala la Bundi, "mwisho wa safari, shukeni".

#7 Fundi wa Kona ya Pili

Salaam wote. Mimi ni fundi bodi, mwaka wa 26 huu nanyoosha mabati, kwa hiyo niruhusuni niongee ya mkono.

Kuchora gari la maonyesho ni rahisi. Halinyeshewi mvua, halikutani na matuta, na anayeliendesha halipeleki popote zaidi ya kulishusha kwenye roli. Kazi inaanza pale mtu wa kalamu ya picha anapomkabidhi mtu wa gereji. Huyo Mako Shark II ni mfano mzuri sana. Corvette yake ilipangwa itoke kama toleo la 1967. Ilitoka 1968. Mwaka mzima! Mhandisi wa Corvette, Zora Arkus-Duntov, aligoma: matao ya mbele yamevimba mpaka dereva haoni barabara, hewa haiingii vizuri kwenye rejeta, pua inanyanyuka gari likishika kasi. Yote hayo yalikuwa "mazuri" kwenye picha.

Na haikuwa mara ya kwanza kugombana na Mitchell. Ile Corvette ya 1963 ina kioo cha nyuma kilichogawanywa katikati na uti wa bati. Mitchell akaona uti ndio roho ya gari. Duntov akasema dereva atatazama nini kwenye kioo cha ndani, bati? Mwaka 1964 uti ukaondolewa. Leo hizo za 1963 ndizo zinazosakwa kuliko zote, na nasikia wapo waliokata ule uti wenyewe miaka ile ili waweke kioo kipya waonekane wa kisasa. Mimi ningelia.

Mako Shark maana yake ni papa aina ya mako, na kuhusu papa kuna kisa kinasimuliwa. Mitchell alikuwa mvuvi, akavua papa, akamkausha akamtundika ofisini. Akataka gari la kwanza la Mako Shark, la 1961, lipakwe rangi kama yule papa: bluu iliyokolea juu, ikififia hadi nyeupe tumboni. Wapaka rangi wakajaribu, akakataa. Wakajaribu tena, akakataa. Mwisho usiku mmoja wakamshusha papa ukutani, wakampaka yeye rangi ya gari, wakamrudisha. Asubuhi bosi akatazama akasema sasa zimefanana.

Mteja wa namna hiyo ninaye. Nikirudi nitamtafuta papa wake.

#8 Kanda Mbili

Fundi, umeua.

Niongezee kwenye kioo hicho cha 1963, maana nacho kina babu. Mwaka 1957 watengenezaji wa Marekani walikubaliana kuacha mashindano, GM wakatii. Mitchell akaenda kuinunua chesisi iliyobaki kwenye mradi wa mbio wa Corvette SS, inasemekana kwa dola moja, akaivika bodi kwa pesa yake na kuipeleka uwanjani kama gari binafsi bila jina la Chevrolet. Hiyo ndiyo Stingray ya 1959. Dereva wake, Dick Thompson, alikuwa daktari wa meno. Mwaka 1960 wakachukua ubingwa wa daraja lao. Mchoro wa kwanza ulitoka kwa kijana Peter Brock, Shinoda akaukamilisha. Ile mistari mikali iliyokatika juu ya kila tairi ikahamia nzima nzima kwenye Corvette ya 1963.

Huu ndio ushawishi ambao hakuna wa kuubishia. Si ndugu wala mjomba, ni baba na mwana, na cheti kipo.

#9 Dogo wa Gia Tano

Wakuu swali. Kama magari haya ya mfano ni ya thamani hivyo kwa nini kampuni zilikuwa zinayaponda? Si wangeuza tu wapate hela?

#10 Fundi wa Kona ya Pili

Dogo, gari la mfano halikupimwa usalama wowote. Breki zimeungwa kwa mkono, bodi ni gamba, spea hakuna duniani. Ukimuuzia mtu akafa nalo, kesi ni yako. Na siri za kampuni zimo humo ndani. Kuliponda ndiyo njia nyepesi. Zile Banshee mbili zilipona kwa sababu waliozijenga walizipenda, zikaja kununuliwa na watu wa mle mle ndani.

#11 Mhamaji wa Texas

Mkono wa Grisi, hujagusa upande wa Ford na mimi siwezi kulala. Nipo huku Texas mwaka wa kumi na moja, na hiki kisa ni cha huku.

Mwaka 1967 kampuni ya Shelby, waliokuwa wanazikoroga Mustang za Ford ziwe kali zaidi, walijenga Mustang GT500 ya ajabu. GT500 za kuuzwa za mwaka huo zilikuwa na mgongo unaoteremka moja kwa moja hadi buti. Hii wakaijenga kwenye bodi ya kawaida yenye buti iliyojitokeza, nyekundu, paa limevikwa ngozi bandia nyeusi. Chini V8 ya inchi 428, karibu cc 7,000. Mara waifunge supachaja (pampu ya kuisukumia injini hewa), mara waitoe. Wakaipa jina la utani Little Red. Haikukusudiwa kuuzwa, ilikuwa ya kujaribia mambo.

Sasa watu wa mauzo wa Ford kusini mwa California wakaiona. California walikuwa wananunua Mustang kuliko mtu yeyote, na walitaka toleo lao. Wakasema tupeni hii, bila ile injini ya kuua mtu. Ikatoka Mustang GT/CS ya 1968, "California Special": bodi yenye buti, mkia wa faibaglasi ulioinuka, matundu ya hewa ubavuni ya Shelby, taa pana za nyuma zilizotoka kwenye Thunderbird ya 1965, na grili ya mbele imevuliwa yule farasi. Zilijengwa kama 4,000. Mwaka 2007 Ford wakalirudisha jina hilo, hadi leo unakutana nayo barabarani.

Little Red yenyewe? Ikapotea. Kwa miaka mingi kila aliyejua alisema ilipondwa. Kila aliyeitafuta aliitafuta kwa namba ya Shelby, akaambulia patupu. Craig Jackson, yule wa minada ya magari, tayari alikuwa analo gari la majaribio lililolifuata, la kijani la 1968 linaloitwa Green Hornet. Timu yake ikaamua kutafuta kwa namba ya chesisi ya Ford badala ya namba ya Shelby. Mwaka 2018 ikapatikana. Ilikuwa imeegeshwa kwenye uwanja wa mtu kaskazini mwa Texas, majani yameota kuizunguka, imekaa pale zaidi ya miaka 20.

Namba ya chesisi wakuu! Kitu cha kwanza ambacho hata dalali wa mtaani anakuuliza.

#12 Binti Spana

Mhamaji umetisha. Nimependa hilo kuliko Banshee. Banshee lilitazamwa na wakubwa likafa. Hili lilitazamwa na wauza magari likazaa. Tofauti ni nani alikuwa amesimama mlangoni siku hiyo.

#13 Mzee wa Karbureta

Mimi sikubaliani na uzi mzima, samahanini. Mnatafuta gari la mfano nyuma ya kila gari zuri. Mustang yenyewe ni ushahidi dhidi yenu. Mustang ya kwanza ya mfano, ya Oktoba 1962, ilionyeshwa kwenye uwanja wa mbio wa Watkins Glen ikiendeshwa na dereva wa mbio Dan Gurney. Viti viwili, injini iko nyuma ya dereva, V4 ya cc 1,500 kutoka Ford ya Ujerumani. Mustang mliyoijua tarehe 17 Aprili 1964 ina nini cha gari lile? Injini mbele, viti vinne, chini ni Falcon tupu, gari la Ford la kwenda sokoni. Kilichobaki ni jina, farasi na tobo la ubavuni ambalo kwenye gari jipya halipitishi hewa yoyote. Ni urembo.

Kilichouza Mustang ni dola 2,368. Sio mchoro.

#14 Mkono wa Grisi

Mzee shikamoo, na hapo umenibana. Ila naomba nitetee tobo. Tobo lisilopitisha hewa ndilo ushahidi bora! Kwenye gari la 1962 lilikuwa na kazi, injini ilikuwa nyuma inahitaji pumzi. Kazi ikaisha, umbo likabaki. Ni kama kovu. Na Mustang zimeendelea kulichora kovu lile ubavuni kizazi hadi kizazi.

#15 Mzee wa Karbureta

Marahaba. Kovu nimelikubali. Bei sijaiachia.

#16 Nairobi Mjini

Niaje wadau wa Bongo, mimi ni jirani. Mmezunguka Michigan mpaka Texas mkasahau hii hadithi iliingia hata kwetu.

Ya kwanza: Safari Rally ya 1964, Pasaka, majuma matatu hivi kabla Mustang izinduliwe. Ford ya Marekani walileta timu ya Mercury Comet. Comet ni ndugu ya Falcon, chini ni kitu kimoja, kwa hiyo ni binamu wa Mustang. Wamarekani walikuja na ndege na mapesa. Matope yakawaonyesha. Timu nzima zilifika mbili tu, moja ikiendeshwa na Joginder Singh wetu, na hata hizo zilifika mkiani. Aliyeshinda ni Ford Cortina, kagari kadogo ka Uingereza. Mwaka uliofuata Joginder akachukua Volvo akashinda.

Ya pili ndiyo tamu. Wajapani walikuwa wanaitazama Mustang kwa wivu. Tokyo Motor Show ya 1969 Toyota wakaleta gari la mfano EX-1, na Mitsubishi wakaleta Galant GTX-1. Mwaka 1970 EX-1 ikawa Celica, ile nyingine ikawa Galant GTO, jina lile lile ambalo Pontiac walikuwa wameliokota kwa Ferrari. Halafu 1973 ikaja Celica Liftback: mgongo unateremka, taa za nyuma zimekatwa milia ya kusimama. Iweke kando ya Mustang ya 1969 utaapa ni mtoto wa nje.

Na Celica ndiyo gari iliyokuja kushinda Safari 1984 na 86 na Waldegård, 85 na Kankkunen. Babangu alinibeba mabegani kuiona ikipita, nakumbuka vumbi tu na sauti. Comet haikuweza, mjukuu wa wivu wa Mustang akaweza.

#17 Kanda Mbili

Nairobi, nzuri sana, ila niweke breki: Celica ya 1984 haikuwa na sura ya Mustang tena. Ilikuwa na kona kama boksi la kiatu. Jina lile lile, mtu mwingine.

#18 Nairobi Mjini

Sawa kaka, lakini inasukuma na matairi ya nyuma kama babu yake. Unipatie hiyo.

#19 Kanda Mbili

Nimekupa.

#20 Mkono wa Grisi

Niliahidi kurudi kwa DeLorean. Aliondoka GM mwaka 1973, akaenda kufanya mwenyewe kile alichonyimwa: gari la viti viwili. DMC-12, ile ya chuma kisichoshika kutu na milango inayofunguka juu, ikajengwa karibu na Belfast mwaka 1981 na 1982, kama 9,000 hivi, kampuni ikafa. Mhandisi aliyemwita kuianza alikuwa Bill Collins. Collins alikuwepo kwenye GTO. Alikuwepo kwenye XP-833. Na ni mmoja wa wale waliozinunua zile Banshee zisipondwe.

Pontiac nao walisubiri hadi Fiero, toleo la 1984, kupata ruhusa ya viti viwili. Miaka ishirini.

#21 Dogo wa Gia Tano

Nairobi Mjini, umesema Celica Liftback ya 1973 taa za nyuma ni milia ya kusimama? Mjomba wangu Moshi ana Celica ya zamani chini ya mparachichi, tangu niko la tatu haijatembea. Kuku wanataga ndani. Mgongo unateremka hivyo hivyo. Sijui ni yenyewe?

#22 Nairobi Mjini

DOGO. Usimwambie mtu. Mpigie simu sasa hivi, aende nyuma, atoe kuku, aangalie taa.

#23 Mhamaji wa Texas

Na namba ya chesisi!

#24 Dogo wa Gia Tano

Nimempigia. Namba ya chesisi amesema kuna kutu, atapiga mswaki kesho. Taa moja imepasuka, nyingine nzima. Nikamuuliza zikoje, akasema "zimesimama zimepangana kama ndizi kwenye chane".

#25 Nairobi Mjini

Dogo, kaa chini. Wapenzi wa hizo gari kule Japani wanaziita hivyo hivyo. Taa za ndizi.

#26 Dogo wa Gia Tano

Mjomba anauliza kama mnanunua na kuku.